Maswali ya wasomaji: Huu mtaro unaishia wapi?

Barua za safari hii karibu zote zina maji ndani yake. Hata walioanza kwa kulalamikia foleni wamemalizia kwenye mitaro, na sikushangaa, maana kwa mji mkubwa barabara na maji ya mvua ni kitu kimoja kilichogawanywa kwenye ofisi mbili. Nimefupisha maswali na kuacha majina ya walioyaleta. Yanayohitaji maelezo marefu nimeyapa nafasi, mengine nimeyajibu kwa ufupi.

Shikamoo Mhandisi. Barabara ya mtaani kwetu ilikuwa ya vumbi. Mvua ikinyesha tulikanyaga tope, lakini maji hayakuwahi kuingia ndani. Sasa imepanuliwa, ina lami, ina mitaro pande zote mbili, na kila mvua kubwa maji yanafika sebuleni. Ina maana lami inaleta mafuriko?

Marahaba. Lami haina kosa, ila imebadilisha hesabu ya maji, na inaelekea hesabu hiyo haikufanywa upya hadi mwisho.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Barabara yenye upana wa mita 12 na urefu wa kilomita 1 ina mita za mraba 12,000. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo si mvua ya ajabu, barabara hiyo peke yake imepokea lita 600,000, yaani maboza 60 ya lita 10,000 kila moja. Zamani sehemu ya maji hayo ilizama ardhini, nyingine ikatuama kwenye mashimo na majani hadi ikakauka. Juu ya lami, wahandisi huhesabu kwamba asilimia 70 hadi 95 yatatiririka. Kwenye majani yaliyoota juu ya udongo wa kichanga, kiasi hicho kinaweza kuwa chini ya asilimia 20.

Wengi wanauona wingi huo, wanasahau kasi. Maji yaliyokuwa yakijikokota muda mrefu kufika bondeni sasa yanafika kwa dakika chache, tena yanafika yote kwa mpigo. Mtaro haufuriki kwa sababu ya mvua ya kutwa nzima. Unafurika katika ile robo saa ambayo maji ya kila paa, kila ua uliosakafiwa na kila kipande cha lami yanakutana mahali pamoja.

Halafu kuna suala la kimo, nalo unaweza kulikagua mwenyewe. Mvua ikikatika, toka nje utazame tundu la kuingizia maji mtaroni, lile lililo kwenye ukingo wa barabara. Mdomo wake unatakiwa kuwa chini ya uso wa lami kwa sentimita chache. Nimekagua barabara mpya ambayo midomo hiyo ilikuwa juu ya lami kwa unene wa kidole. Mchoro ulikuwa sahihi, lakini aliyemwaga zege la ukingo na aliyetandaza lami walikuwa watu wawili, na kila mmoja alianzia kipimo chake. Unene huo wa kidole unatosha kabisa kuharibu kazi. Maji yanalipita tundu likiwa kavu, yanafuata mteremko hadi kwenye geti la kwanza lililo chini kuliko barabara, na yakilipata yanaingia. Kwa maelezo uliyonipa, nadhani geti hilo ni lenu.

Tatizo hilo huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kila ukarabati unaotandaza lami mpya juu ya ile ya zamani unainua barabara sentimita kadhaa, na nyumba zinabaki pale pale. Kuikwangua kwanza lami ya zamani kunagharimu, kwa hiyo bajeti ikibana ndicho kitu cha kwanza kukatwa.

Nenda kwenye ofisi inayosimamia barabara yenu uombe kuona michoro ya barabara kama ilivyojengwa, si ile ya zabuni. Ukiipata, usianze kuangalia upana wa mtaro. Fuata mstari wake kwa kidole uone unaishia wapi. Niliwahi kuitwa kwenye mradi ambao mtaro wake ulikuwa wa kupendeza, kuta zimenyooka, mteremko sawasawa, na mwisho wake ulikuwa ukuta wa nyuma wa kiwanja cha familia moja. Fedha zilitolewa kwa kila kilomita ya barabara, na mto ulikuwa mbele zaidi, nje ya kilomita hizo. Kipande cha kufikisha maji mtoni kiliandikwa "awamu ya pili", na awamu ya pili haikuwa na fedha popote. Familia ile ilikuwa ikipokea maji ya mtaa mzima kwa sababu ya mstari uliochorwa kwenye jedwali la bajeti. Jambo hili linaniuma kuliko kosa lolote la ufundi. Kosa la ufundi fundi anaweza kulirudia akalirekebisha, lakini hapa hakuna hata aliyehesabika kuwa amekosea. Kila mmoja alimaliza kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wake.

Sisi tuko bondeni. Halmashauri iliyo juu yetu imechimba mtaro mkubwa, wananchi wake wanaishukuru, na maji yote sasa yanatushukia sisi. Halmashauri yetu inasema haina mamlaka kule juu. Tumwendee nani?

Swali lako limegusa ugonjwa wenyewe. Jiji kubwa lina ramani mbili ambazo hazifanani na mipaka ya halmashauri, wala zenyewe hazifanani. Moja ni ramani ya safari, yaani watu wanakolala na wanakokwenda kazini. Nyingine ni ramani ya maji, ambayo mipaka yake ni migongo ya vilima. Madiwani wanachaguliwa kwa ramani ya tatu.

Upande wa safari, nchi kadhaa zimejaribu kuziba pengo hilo. Marekani, kwa sheria ya barabara ya mwaka 1962, iliamua kwamba eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 halipati fedha za barabara za serikali kuu bila mpango wa pamoja unaoshirikisha mamlaka zote za eneo hilo. Leo kila eneo la namna hiyo lina bodi ya kikanda, yenye mpango unaotazama angalau miaka 20 mbele na orodha ya miradi ya angalau miaka 4. Mradi hauingii kwenye orodha hiyo mpaka ionyeshwe fedha zake zinatarajiwa kutoka wapi. Naipenda sana kanuni hiyo ya mwisho, kwa sababu inaua "awamu ya pili" za kuandikwa tu. Lakini bodi nyingi za aina hiyo zinagawa fedha za usafiri, hazina nguvu juu ya mitaro wala vibali vya ujenzi. Portland, katika jimbo la Oregon, walikwenda mbele zaidi: wana baraza la kanda nzima linalochaguliwa moja kwa moja na wananchi, linalopanga pia matumizi ya ardhi.

Upande wa maji, Uholanzi inafuata bonde badala ya mipaka ya miji. Bodi zake za maji zilianza karne ya 13, kwa sasa ziko 21, zina uchaguzi wake na zinatoza kodi zake zenyewe.

Mimi sidai kila jiji lianzishe chombo kipya. Ninachodai ni sharti moja: mradi wowote wa barabara au mtaro usipate fedha mpaka halmashauri iliyo chini yake itie sahihi kwamba kilele cha maji yatakayovuka mpaka, yaani wingi wake yanapopita kwa kasi kuliko wakati wote, hakitazidi kile cha kabla ya ujenzi. Sehemu nyingi duniani sharti hilo tayari linawabana wajenzi wa majengo makubwa. Likiwabana na wajenzi wa barabara, yule wa juu atalazimika kutafuta mahali pa kuyashikilia maji kwa saa chache: bwawa dogo linalokauka, uwanja wa mpira uliochimbwa chini kidogo, ukanda wa majani kando ya njia.

Kwa sasa kusanyeni ushahidi, maana malalamiko bila vipimo hujibiwa kwa ahadi. Chora alama ya kimo cha maji ukutani, andika tarehe na saa, piga picha. Mvua ipime kwa chombo chenye kuta zilizonyooka wima, kilichowekwa mbali na paa na miti. Kimo cha maji ndani yake kwa milimita ndicho kipimo cha mvua. Kumbukumbu za misimu miwili mitatu zinazoonyesha mvua ile ile ikileta kimo kikubwa zaidi baada ya mtaro wa juu kuchimbwa ni hoja ambayo mhandisi hawezi kuipuuza, na wakili anaweza kuitumia.

Wataalamu walituambia mafuriko yale ni ya mara moja kwa miaka 100. Yamerudi kabla hata hatujamaliza kupaka rangi. Walitudanganya?

Hawakudanganya, walieleza vibaya. Mvua ya miaka 100 ni ile ambayo kila mwaka ina nafasi 1 kati ya 100 ya kunyesha, na kunyesha kwake mwaka jana si kinga ya mwaka huu. Katika miaka 30 ya kulipa mkopo wa nyumba, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mitaro mingi ya mitaani hata haisanifiwi kwa mvua hiyo. Ikisanifiwa kwa mvua ya miaka 10, ndani ya miaka 10 kuna uwezekano wa asilimia 65 kwamba itazidiwa angalau mara moja, bila mtu yeyote kufanya kosa. Ndiyo maana mtaro peke yake hautoshi. Lazima pawepo njia iliyopangwa juu ya ardhi, ambayo maji yatapita mtaro ukijaa. Usipoyapangia, yatachagua yenyewe, na kwa kawaida huchagua uchochoro.

Uulize pia takwimu za mvua zilizotumika ni za miaka gani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi, kwa hiyo kumbukumbu za zamani pekee zinatoa mtaro mdogo kuliko unaohitajika.

Kila nikijaza mafuta nalipa tozo ya barabara. Kwa nini fedha za kujenga barabara za juu zinapatikana, za kuzoa mchanga mtaroni hazipatikani?

Kwa sababu ni mifuko miwili, na mmoja una marafiki wengi. Ujenzi una mkopo, una mfadhili, una siku ya kukata utepe. Usafishaji wa mitaro ni mishahara, makoleo na magari ya kuzolea, kila mwaka, bila mwisho. Wakopeshaji wengi hawakopeshi kwa kazi hiyo, hivyo inaachiwa mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ndiyo membamba kuliko yote. Mtaro uliojaa mchanga hadi nusu umepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo anayenyima fedha za koleo anatupa mkopo ambao bado tunaulipa.

Tozo ya mafuta nayo inazidi kudhoofika. Nchini Marekani kodi ya serikali kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni, na haijaongezwa tangu mwaka 1993. Bei za lami na zege zimepanda, magari yanakula mafuta kidogo, mengine hayali kabisa. Nchi yoyote inayotegemea tozo ya mafuta itafika hapo. Miji mingine imefungua vyanzo vipya. Paris tangu mwaka 1971 inawatoza waajiri kulingana na mishahara wanayolipa ili kugharimia usafiri wa umma. Stockholm inayatoza magari yanayoingia katikati ya jiji.

Kwa maji ya mvua, njia ninayoiamini ni ada inayofuata eneo lisilopitisha maji. Bellevue, katika jimbo la Washington, ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuanzisha ada maalumu ya maji ya mvua, mwaka 1974. Ujerumani miji inatenganisha ada ya majitaka na ada ya maji ya mvua, na hii ya pili inafuata mita za mraba za paa na sakafu zinazomwaga maji kwenye mfumo wa jiji. Ni haki kwa sababu kinachopimwa ndicho kinacholeta mzigo. Duka kubwa lenye maegesho ya hekta nzima linaweza kutumia maji machache ya bomba kuliko jengo la familia kumi, lakini mvua ikinyesha ndilo linalojaza mtaro. Na mwenye maegesho akibomoa sehemu ya zege akaweka matofali yanayopitisha maji, ada inapungua. Hapo ndipo mtu anaanza kujali maji yake bila kufuatwa na askari wa jiji.

Sharti langu ni moja: fedha hizo ziwe na akaunti yake, na ripoti yake ibandikwe mahali watu wanaweza kuisoma. Ada ya mitaro ikimwagwa kwenye kapu la jumla itaishia kwenye posho, na wananchi wataikataa daima. Watakuwa na haki ya kuikataa.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Barabara inaweza kusanifiwa ipitishe magari na pia ibebe mafuriko?

Inaweza, na iko. Kuala Lumpur walifungua mwaka 2007 handaki la kilomita 9.7 liitwalo SMART. Sehemu yake ya kati ina barabara ya magari ya kulipia yenye ghorofa mbili, na chini yake njia ya maji. Mvua ikiwa ya wastani maji yanapita chini na magari yanaendelea juu. Ikiwa kubwa sana magari yanatolewa, milango inafungwa, handaki zima linaachiwa mafuriko, kisha linasafishwa na kufunguliwa tena. Sikushauri uende ukapendekeze handaki kila mahali, gharama yake ni ya kutisha. Jifunze wazo la kiuchumi lililomo: watumiaji wa barabara wanasaidia kulipia ulinzi dhidi ya mafuriko kwa sababu vyote viwili viko kwenye mradi mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi na uwezo wa miji mingi ni Copenhagen. Tarehe 2 Julai 2011 jiji hilo lilipigwa na mvua ya zaidi ya milimita 100 katika saa chache. Mwaka uliofuata lilipitisha mpango wenye lengo linaloeleweka na kila mtu: hata kwa mvua ya miaka 100, maji barabarani yasizidi sentimita 10. Baadhi ya barabara zinapewa umbo na kingo za kuyapeleka maji bandarini, na bustani zinachimbwa chini ili ziyashike. Uzuri wake ni kwamba barabara zilikuwa zifumuliwe siku moja kwa matengenezo hata hivyo, hivyo unachobadilisha ni miinuko kwenye mchoro. Ukipata kazi, dai kuingia kwenye mradi wakati huo, kabla mpima hajapigilia vigingi.

Jiji linataka kupanua barabara kuu kutoka njia nne hadi nane ili kumaliza foleni. Unaunga mkono?

Siungi mkono, isipokuwa njia mbili kati ya hizo mpya ziwe za mabasi tu. Barabara ikipanuliwa ndani ya mji unaokua, nafuu huvuta safari mpya, watu wanahamia mbali zaidi, na baada ya miaka michache foleni inarudi ikiwa pana zaidi. Njia moja ya barabara kuu isiyo na vizuizi hupitisha magari kama 2,000 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja. Mfumo wa mabasi wa Bogotá, kwenye sehemu zenye njia mbili za mabasi kila upande, umewahi kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja. Na kila njia usiyoijenga ni lami ambayo hutahitaji kuitafutia mtaro.

Mbele ya nyumba yangu kuna mtaro wa jiji wa sentimita 60 kwa 60. Ili gari livuke niliweka bomba la inchi 6 nikafukia kwa kifusi. Jirani wa juu ananilaumu kwamba maji yanamrudia. Nani yuko sahihi?

Jirani yako. Mtaro huo una nafasi ya mita za mraba 0.36. Bomba la inchi 6 lina kama 0.018. Umeacha sehemu 1 kati ya 20, na hiyo ni kabla chupa na mifuko haijaziba mdomo. Usisubiri barua ya jiji. Toa bomba, toa kifusi chote hadi sakafu ya zege ionekane, kisha funika kwa vibao vya zege lenye nondo vinavyokaa juu ya kuta za mtaro bila kupunguza nafasi ndani. Uliza ofisi ya barabara ina vipimo gani, kwa sababu kibao kinachobeba gari dogo hakibebi lori la mchanga. Kila kibao kisizidi upana ambao watu wawili wanaweza kuuinua, na kiwekewe vishikio vya nondo viwili vilivyozama kwenye zege, ili wasafishaji wakifika wasilazimike kukivunja. Na umweleze jirani siku utakayoanza kazi. Akikubali mfanye pamoja, mteremko wa pale kwake nao utaweza kusawazishwa.